Mashine ya boti msimu wa kusi: kukausha au kujaza, kuvua au kuacha

Hapa Kilindoni, kisiwani Mafia, wageni wanaotaka kuogelea na potwe, yule papa mkubwa, huja kwa wingi kati ya Oktoba na Februari. Machi ikimalizika masika yanakaza, upepo wa kusi unaanza kupandisha mawimbi, na boti ndogo zinavutwa mchangani moja baada ya nyingine. Kwa wenzetu wa Watamu na Shimoni, Kenya, mambo hayapishani sana: boti za kuvulia samaki wakubwa hupumzika kuanzia Aprili hivi, zikarudi majini Julai au Agosti. Hapo mashine imekaa kimya miezi 3 hadi 5.

Nina boti mbili. Moja ina mashine ya Yamaha ya nguvu farasi 40, tustroki, ile ya kuchanganya oili kwenye petroli. Nyingine ina fostroki ya 60, ambayo oili yake inakaa peke yake tumboni. Kila mwaka jirani zangu huniuliza swali moja, kwamba mashine inalazwa vipi, na kila mwaka nawajibu kwa kuwauliza wao: mashine gani, na itakaa wapi? Kinachofaa kwa ile ya 40 kinaweza kuiharibu ile ya 60.

Nilijifunza kwa hasara. Mwaka wangu wa kwanza niliiacha ya 40 ikining'inia nyuma ya boti jioni ya safari ya mwisho, nikasema nitaisafisha kesho. Kesho ilikuwa mvua, keshokutwa msiba, na baada ya hapo nikasahau. Agosti kamba ya kuwashia haikuvutika hata kwa watu wawili. Pete za pistoni zilishika kutu kwenye silinda, kabureta ilijaa utomvu wa kahawia, na njia za maji zilizibwa na chumvi ngumu kama chokaa. Nilipoteza wiki 2 za mwanzo wa msimu, na fedha ya spea ilizidi mapato ya mwezi. Ninayoyalinganisha hapa yametokana na hasara ile na miaka iliyofuata.

Kuosha ndani: pipa, masikio au tundu la mpira

Kabla ya kuchagua lolote, chumvi itoke. Mashine inanyonya maji ya bahari ili ijipoze, na ikizimwa maji yanayobaki kwenye vijia yanakauka na kuacha chumvi. Njia za kuiosha ni tatu.

Pipa la lita 200 lililokatwa mdomo ndilo ninalolipenda. Unaining'iniza mashine kwenye ubao, mguu wake ndani ya pipa, maji yafike juu ya lile bawa bapa lililo juu ya pangaboi, gia ikiwa huru. Unawasha na kuiacha ikizunguka taratibu dakika 10 hadi 15. Huo muda una sababu yake: thamostati, kile kilango cha maji ya kupozea, haifunguki mpaka mashine ipate moto, na isipofunguka maji matamu hayafiki kila pembe ya kichwa. Dakika 3 za haraka haraka zinaosha mguu tu. Pipa lina udhaifu mmoja ambao wengi hawauoni. Baada ya dakika chache yale maji si matamu tena, kwa sababu chumvi yote iliyotoka mwilini mwa mashine imo humo na mashine inaendelea kuyanywa. Mimi namwaga na kujaza mara ya pili. Kwa bahati huu ndio wakati wa masika, maji ya paa la mabati yapo bure. Ukitumia ya kisima, yaonje kwanza, maana visima vingi vya karibu na ufuo vina chumvichumvi.

Njia ya pili ni vile vikombe viwili vya mpira vinavyobana matundu ya kunyonyea maji pande zote za mguu, vinaungwa na mpira wa bomba. Nitaviita masikio, kwa kuwa vinakaa kama vile vya kusikilizia muziki. Vinaleta maji mapya muda wote, na hapo vinalishinda pipa. Lakini vinahitaji bomba lenye msukumo. Maji ya Kilindoni yakikatika katikati ya kazi, au kikombe kikiteleza, pampu inazunguka kavu. Impela, lile gurudumu la mpira ndani ya pampu, ikizunguka kavu inaungua kwa sekunde chache tu. Kwa hiyo ukitumia masikio simama hapo hapo, macho kwenye tundu la kukojolea, pale maji ya kupozea yanaporuka nje, na mashine ikiacha kukojoa zima. Pangaboi iwe imevuliwa.

Tundu la mpira, lile ambalo fostroki nyingi za kisasa zinalo pembeni, ni rahisi kuliko yote. Unachomeka mpira wa bomba na kuosha mashine ikiwa imezimwa. Kwa kila jioni baada ya safari hakuna bora kuliko hilo. Kwa kulaza msimu mzima sitegemei hilo peke yake, kwa sababu mashine baridi thamostati yake imefunga. Ya 60 naiosha kwa tundu mwaka mzima, kisha siku ya mwisho naiwasha kwa masikio.

Ukiwa na 15 au 40 na bomba lako halitabiriki, chagua pipa. Ukiwa na mashine kubwa iliyofungwa kwa bolti, ambayo huwezi kuibeba hadi kwenye pipa, masikio ndiyo njia yako. Popote utakapowashia pawe wazi, si ndani ya banda, kwa sababu moshi wa petroli unaua mtu bila kumwonya.

Petroli: kuikausha yote au kuijaza na dawa

Hapa ndipo watu wanagombana, na pande zote mbili zina haki kwa mashine zao.

Petroli inayokaa huchacha. Sehemu yake nyepesi inapotea hewani, na inayobaki inageuka utomvu unaoziba matundu membamba ya kabureta. Kwa petroli iliyochanganywa na oili ni vibaya zaidi: petroli inaruka, oili inabaki na kunata kwenye bakuli la kabureta. Kwenye joto letu mimi siiamini petroli iliyozidi mwezi mmoja na nusu.

Kukausha maana yake unamaliza kuosha, unachomoa mpira wa petroli huku mashine inaunguruma, na unaiacha ijifie yenyewe. Kisha unafungua skrubu ndogo chini ya bakuli la kabureta na kuimwaga petroli iliyobaki, maana kujifia kwake hakuondoi yote. Kwa tustroki kuna tahadhari. Inapokaribia kufa inapata petroli kidogo na oili kidogo, na petroli yenyewe ndiyo iliyobeba oili. Usiipandishe mwendo wakati huo. Iache polepole, na inapoanza kukohoa pulizia oili ya kuhifadhia, ile ya kopo, mdomoni mwa kabureta mpaka izime kwa moshi mweupe. Moshi huo ni dalili kwamba oili imefika kwenye silinda na kwenye beringi za kranki.

Kujaza ni kinyume chake. Unaweka petroli mpya kwenye tanki, unatia dawa ya kutunza petroli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na unaiwasha mashine dakika 10 ili mchanganyiko ufike hadi ndani kabisa. Kosa ninaloliona ni mtu kutia dawa kwenye petroli iliyokwisha kukaa miezi 2. Dawa hiyo inazuia kuchacha, haifufui kilichochacha. Kosa la pili ni kutia dawa kwenye tanki bila kuwasha mashine, ukadhani kabureta imelindwa ilhali ndani yake mna petroli ya zamani.

| | Kukausha | Kujaza na dawa |
|---|---|---|
| Inafaa hasa | mashine ya kabureta, tanki la kubebeka | mashine ya nozeli (inayopuliza petroli bila kabureta), tanki la chuma au la kujengewa botini |
| Unachonunua | oili ya kuhifadhia tu | dawa na petroli ya tanki zima |
| Inaposhindwa | ukikausha nusu nusu | ukitia dawa kwenye petroli ya zamani |
| Hatari ya kukaa nayo | hakuna petroli ya kuwaka wala kuibwa | moto, wizi, watoto |

Ya 40 naikausha. Ya 60 ina nozeli na pampu ya petroli ya umeme, na mifumo hiyo haipendi kukaa mikavu: mipira inasinyaa, na kitanki kidogo cha ndani kinaingia unyevu. Hiyo naiwekea petroli yenye dawa na kubadilisha kichujio kinachotenga maji na petroli. Tanki la chuma lililobaki nusu ni baya kuliko lililojaa na kuliko lililo tupu kabisa, kwa sababu hewa iliyo juu ya petroli inatoa jasho usiku na lile jasho linashuka chini na kuwa maji. Tanki la plastiki la kubebeka limwage, petroli yake iishie kwenye bodaboda wiki hiyo hiyo. Kama ilikuwa na mchanganyiko wa 50 kwa 1, mpe mwenzako mwenye mashine ya mchanganyiko, usiitie kwenye pikipiki ya fostroki.

Ukiwa na fostroki ya kabureta, za 15 na 20 zipo nyingi za namna hiyo, ifuate ya 40: ikaushe. Kinachoamua hapa ni kabureta na nozeli, si tustroki na fostroki. Wengi wanachanganya hilo.

Silinda na oili

Plagi zikishatoka, tia oili kiasi cha kijiko cha chai katika kila silinda, zungusha kwa kamba mara 5 au 6 taratibu, rudisha plagi. Oili ya kupuliza ya kopo inasambaa vizuri zaidi, lakini hii ya 2T, ya kuchanganya kwenye tustroki, uliyonayo nyumbani inafanya kazi. Mwaka ambao sikupata kopo Dar nilitumia 2T tupu na mashine iliamka salama. Hapa sioni sababu ya mtu kukopa fedha.

Fostroki imwagwe oili kabla ya kulazwa, si baada. Oili iliyotumika ina asidi na unyevu wa mwako, na hayo yakikaa miezi 4 yanakula beringi.

Oili ya giaboksi nayo watu wanaiahirisha mpaka Agosti, na hilo nalipinga kwa nguvu. Fungua skrubu ya chini, kisha ya juu, itazame inavyotoka. Ikiwa nyeusi au ya kijani safi, vizuri. Ikiwa kama chai ya maziwa, sili, ule mpira unaozuia maji, imekatika na maji ya bahari yameingia. Ukiijua leo una miezi mitatu ya kuagiza sili kwa bei ya kawaida na fundi hana foleni. Ukiijua Agosti, beringi zimeshaota kutu na wenye boti wote wa ufuoni wamempanga fundi huyo huyo. Kujaza ni kwa kusukuma kutoka tundu la chini mpaka itoke la juu, kisha unafunga la juu kwanza na la chini baadaye, kwa washa mpya. Ukiwa hapo vua pangaboi uangalie nyuma yake: nyuzi za mshipi zilizojiviringisha kwenye shafti ndizo zinazokata sili nyingi. Paka shafti grisi ya baharini kabla ya kurudisha. Na zinki, kile kipande kinacholiwa na kutu badala ya mashine, ikiwa imeliwa nusu, badilisha, wala usiipake rangi, kwa sababu zinki iliyopakwa rangi haifanyi kazi yake.

Kuivua au kuiacha botini

Kwa mashine ya 15 ya tustroki, isiyofika kilo 45, sioni mjadala: ivue. Ya 40 ya tustroki inazidi kilo 70 na inahitaji watu wawili wenye miili, lakini bado inabebeka. Fostroki ya 60 inapita kilo 100, imefungwa kwa bolti, ina nyaya na usukani wa kebo. Kuivua ni kazi ya siku nzima na winchi, na kila waya utakaochomoa ni waya utakaoweza kurudi vibaya.

Faida ya kuivua ni kwamba mwizi hana pa kuishika, mvua ya masika haiifikii, na boti yenyewe inakuwa nyepesi kuvutwa juu zaidi bahari inapochafuka. Hasara ni kubeba. Mashine nyingi zimevunjika mkono wa usukani au ncha ya mguu kwa kuangushwa siku ya kuvuliwa. Wabebaji wawe wawili au watatu, na kichwa kisishuke chini ya mguu hata mara moja. Maji yaliyobaki kwenye njia ya moshi yakirudi kichwani yanaingia kwenye silinda ambazo umetoka kuzipaka oili. Iache isimame kwanza robo saa, imalize kuchuruzika.

Ukiiacha botini, boti iwe nchi kavu na mguu uwe umeshushwa wima, si umenyanyuliwa. Hapa nimebishana na nahodha wangu miaka miwili. Yeye anaona mguu ukinyanyuliwa unakwepa mchanga. Ni kweli, lakini mashine iliyonyanyuliwa inakusanya mvua katikati ya pangaboi, maji ya ndani hayatoki, na zile fimbo za chuma zinazong'aa za kuinulia zinabaki nje zikila hewa ya chumvi. Inyanyueni boti kwa magogo ili mguu ushuke. Yeye sasa ndiye anayetafuta magogo. Betri iondolewe na ikae nyumbani, ichajiwe kila mwezi. Ikisoma chini ya volti 12.4 inaomba chaji.

Kuiacha boti ikielea kwenye nanga kusi nzima, mashine ikiwa nyuma, sikushauri kwa bei yoyote. Kama huna njia nyingine, basi mashine ivuliwe hata ikibidi kukodi winchi.

Kusimama au kulala

Isimame. Piga nguzo mbili, weka ubao wa 2 kwa 6 katikati, bana mashine kama ilivyokuwa botini. Tustroki iliyokwisha kuchuruzika inaweza kulazwa kama chumba ni kifupi. Fostroki ina oili tumboni na inalala upande mmoja tu, ule ulioonyeshwa kwenye kitabu chake au kwenye kibandiko. Ukiilaza upande mwingine oili inapanda kwenye silinda. Na usiisimamishe kwa ncha ya mguu ukaiegemeza ukutani, ikianguka itavunja kitu.

Chumba kiwe kikavu na chenye hewa, mbali na jiko na mbali na banda la kuanikia dagaa, ambako hewa yenyewe ina chumvi. Juu yake funika shuka la pamba au kanga kuukuu. Nailoni inaikinga mvua vizuri lakini inafungia unyevu ndani, na chini ya nailoni ndiko nilikokuta bolti zimeota unga mweupe. Tundu la kukojolea lizibe kwa utepe, kwa sababu nyigu wa udongo wanalipenda mno, na njia ya moshi itie kitambaa. Panya nao wanakata nyaya, hasa kwenye nyumba yenye mpunga.

Kufanya mwenyewe au kumwita fundi

Kuosha, kukausha, oili ya giaboksi, plagi na grisi ni kazi ya mwenye mashine. Nusu siku inatosha, na utaijua mashine yako kuliko mtu yeyote. Impela, ambayo mimi naibadilisha kila mwaka wa pili, inahitaji kushusha mguu. Kama hujawahi, mlipe fundi mara moja, kaa pembeni uangalie fimbo ya gia inavyorudishwa, halafu mwaka unaofuata uamue. Nozeli, nyaya na kompyuta ya mashine mwachie fundi mwenye vifaa. Na fundi akikwambia ameosha, muulize dakika ngapi na kwa maji gani. Fundi mzuri hatachukia.

Kwa walio ziwani na walio mbali

Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mwenye mashine Kigoma hana chumvi ya kuogopa, kwa hiyo kuosha kwake ni kwepesi: matope na mchanga tu, na tundu la mpira au pipa moja vinatosha. Lakini petroli inachacha Kigoma kama inavyochacha Mafia, na sehemu ile ya kukausha au kujaza inamhusu neno kwa neno.

Ndugu zetu walio Ulaya na Marekani Kaskazini wana adui tusiyemjua huku, barafu. Maji yaliyobaki kwenye giaboksi yakiganda yanatanuka na kupasua chuma. Kwao oili ya giaboksi yenye maji haiwezi kusubiri hata wiki moja ya baridi, na mashine ikae wima ili hakuna tone linalobaki kwenye njia za kupozea.

Nikimaliza yote nakata kipande cha boksi na kuandika kwa kalamu nzito: tarehe, oili ya giaboksi imebadilishwa, petroli imekaushwa, utepe uko kwenye tundu la kukojolea, kitambaa kiko kwenye njia ya moshi. Nakifunga kwenye mpini wa kamba ya kuwashia. Mtu yeyote atakayetaka kuiwasha Agosti, hata kama mimi nimesafiri, lazima akishike kwanza kile kipande.